Vidonge vya Kupunguza Mwili na Kile Ambacho Mizani Haisemi

Kariakoo, Mbagala Rangi Tatu, na popote jijini Dar es Salaam penye watu wengi wanaopita kwa miguu, hukosi kijana aliyeketi nyuma ya mizani, pembeni yake kibao cha kupimia urefu. Unavua viatu, unapanda, unasomewa namba, unatoa sarafu zako, unashuka. Namba hiyo moja ndiyo inayoendesha biashara yote ya vidonge, majani ya chai, unga wa kukoroga na matone ya chini ya ulimi, ambavyo muuzaji huviweka kwenye status asubuhi na bodaboda huvifikisha mlangoni kabla ya adhuhuri. Lakini mizani haina macho. Kilo moja ya maji, kilo moja ya choo kilichokuwa kwenye utumbo, kilo moja ya misuli na kilo moja ya mafuta, kwake zote ni kilo moja. Kwa hiyo anayeuliza kama vidonge na virutubisho vya kupunguza uzito vinasaidia kweli anapaswa kwanza kuuliza ni nini hasa kilichopungua, na kimepungua kwa muda gani.

Soko lenyewe halikuzuka hewani. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015–16 ulikuta kwamba asilimia 28 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au unene wa kupindukia, ilhali mwaka 2004–05 walikuwa asilimia 18. Mijini hali ni nzito zaidi kuliko vijijini. Watu wanaotafuta dawa ya kupunguza mwili, basi, si wavivu wala wapenda urembo tu, kama wanavyosimangwa; wengi wameambiwa kliniki kwamba presha iko juu, sukari inapanda, magoti yanalalamika, wapunguze uzito, halafu wakarudishwa nyumbani bila maelezo ya namna ya kupunguza. Pengo hilo ndilo alilolijaza muuzaji.

Siku moja nilikuwa kwenye foleni ya duka la dawa maeneo ya Sinza, na mbele yangu alisimama mama mmoja wa makamo mwenye kisanduku cha chai ya kupunguza tumbo mkononi. Hakuja kununua, alikuja kuuliza. Binti yake alikuwa na sendofu mwisho wa mwezi, gauni la sare lilikwishashonwa kwa vipimo vya matumaini, na katika siku tisa za kunywa chai ile mama mwenyewe alikuwa amepungua kilo tatu na nusu. "Mwanangu, inafanya kazi kweli," alimwambia mfamasia, "ila usiku misuli ya miguu inakaza, na moyo unapigapiga. Niendelee?" Kijana akakigeuza kisanduku, akakisogeza karibu na taa, akasoma maandishi madogo ya ubavuni. Kisha akauliza swali ambalo mama hakulitarajia: "Mama, unatumia dawa ya presha?" Alikuwa akitumia, ile inayokojoza, kidonge kimoja kila asubuhi. "Basi chai uiache leo hii, mama, na kesho asubuhi wahi kliniki yako wakupime potasiamu."

Kilichoandikwa ubavuni mwa kisanduku, kwa herufi ndogo kuliko zote, kilikuwa ni sena, yaani sanamaki, majani yale yale ambayo bibi zetu wa pwani waliyachemsha kumpa mtu aliyefunga choo. Kwa kazi hiyo sanamaki ni dawa halali na inatambulika hata hospitalini. Tatizo ni mahali inapofanyia kazi. Chakula husagwa na nguvu yake hufyonzwa kwenye utumbo mwembamba, bomba lenye urefu wa mita sita hivi, na kinachobaki huingia utumbo mpana kikiwa ni makapi, maji na chumvichumvi. Viini vya sanamaki hupita utumbo mwembamba bila kuamka. Huamshwa na bakteria wa utumbo mpana, na hapo ndipo vinapousukuma utumbo na kuzuia maji yasirudi mwilini. Wakati huo wali, nyama na mafuta ya jana vimekwisha kuingia kwenye damu zamani. Anayehara kwa chai hiyo hupoteza maji na potasiamu, na chakula alichokwisha kula hubaki naye.

Hesabu pia inakataa. Kilo moja ya mafuta ya mwilini imebeba takriban kilokalori 7,700. Ili mama yule apoteze kilo tatu na nusu za mafuta kwa siku tisa, angepaswa kila siku kutumia kilokalori zipatazo 3,000 zaidi ya alizokula, na mwanamke wa umri wake mwenye shughuli za kawaida hutumia kama 2,000 kwa siku nzima, kulala, kufua na kupanda daladala vikiwemo. Hata angefunga mchana na usiku kwa siku zote tisa asingefikisha. Kilichotoka kilikuwa maji kwa sehemu kubwa, pamoja na potasiamu ambayo ile dawa ya presha ilikuwa tayari inaipunguza kwa njia ya mkojo, na misuli inayokaza usiku na moyo unaopigapiga ni dalili zinazojulikana za madini hayo kushuka.

Maji hayo yana hila nyingine, ambayo humnufaisha kila muuzaji hata asiyeuza sanamaki. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, akiba iitwayo glaikojeni, nusu kilo hivi kwa mtu mzima, na kila gramu ya akiba hiyo huhifadhiwa na maji kama gramu tatu. Mtu akipunguza ghafla ugali, wali na chapati, akiba hutumika kwanza na maji yake huondoka nayo. Ndiyo maana wiki ya kwanza ya mpango wowote, uwe wa vidonge, wa matango au wa kufunga, mizani hushuka kilo moja hadi mbili kwa namna ya kutia moyo, na wiki ya tatu hukwama. Picha za kabla na baada huchukuliwa katika wiki ya kwanza. Wiki ya tatu muuzaji husema dozi haijatosha, ongeza chupa ya pili.

Nitoke pembeni kidogo kuhusu usemi unaorudiwa sana kwenye matangazo, kwamba mafuta "yanayeyuka na kutoka kwa njia ya choo." Watafiti wawili wa Australia walipiga hesabu hiyo ya kemia mwaka 2014 wakaonyesha kwamba mafuta ya mwilini yanapochomwa, kilo 10 hutoka kama kilo 8.4 za hewa ya ukaa kupitia mapafu na kilo 1.6 za maji. Anayepungua mafuta kweli huyatoa kwa kupumua, polepole, bila mtu wa kupiga picha. Ute na mapovu yanayoonyeshwa kwenye video kama "mafuta yaliyong'oka" ni kamasi ya utumbo uliochokozwa.

Tuje sasa kwenye virutubisho ambavyo havikusudii kuharisha. Kimoja kilicho maarufu sana ni garcinia, tunda dogo la Asia lenye umbo la boga, ambalo ganda lake lina asidi inayodaiwa kuzuia ini lisitengeneze mafuta. Katika mirija ya maabara na kwa panya dai hilo lina mashiko. Mwaka 1998 jarida la chama cha madaktari wa Marekani lilichapisha jaribio la watu 135 wenye unene, waliogawanywa kwa bahati nasibu: nusu walipewa garcinia, nusu vidonge vitupu visivyo na kitu, na wote wakawekwa kwenye mlo wa nguvu kidogo na nyuzinyuzi nyingi kwa wiki 12. Waliomeza garcinia walipungua wastani wa kilo 3.2. Waliomeza vidonge vitupu walipungua wastani wa kilo 4.1. Kwa vipimo vya takwimu tofauti hiyo haikuwa na maana yoyote, kwa hiyo tusiseme vidonge vitupu ni bora. Lakini iangalie vizuri, kwa maana ndani yake mna siri ya shuhuda zote za mtandaoni. Dada aliyemeza garcinia miezi mitatu huku akipunguza chakula hasemi uongo anapotuma ujumbe wa sauti wa furaha kwamba amepungua kilo tatu. Amepungua kweli. Asichokijua ni kwamba angepungua kiasi hicho hicho kama kopo lingekuwa na unga wa muhogo.

Hivyo basi ushuhuda hauwezi kuamua jambo hili, hata ukiwa wa mtu unayemwamini. Anayenunua dawa ya kupunguza mwili huwa ameamua kupungua, na aliyeamua huacha soda, huanza kutembea, hukataa sahani ya pili msibani. Kazi inafanywa na uamuzi, na sifa inakwenda kwenye kopo. Njia pekee ya kuvitenganisha ni hiyo ya kuwapa nusu ya watu kidonge kitupu bila wao kujua.

Vingine vilivyopita kwenye chujio hilo vimetoka na mabaki machache. Dondoo la chai ya kijani halikuonyesha upungufu wenye maana kwa afya ya mtu, na mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilisema mwaka 2018 kwamba vidonge vinavyotoa miligramu 800 au zaidi kwa siku za kiini chake kikuu vinahusishwa na dalili za mwanzo za kuumia kwa ini. Kikombe cha chai yenyewe hakina shida. Kromiamu, ambayo ni aina ya madini, katika uchambuzi wa majaribio kadhaa uliochapishwa 2013, ilipunguza takriban kilo moja, na wachambuzi wenyewe hawakuridhika na ubora wa majaribio hayo. Kafeini huongeza kidogo joto la mwili na hupunguza kidogo hamu ya kula, kisha mwili huizoea. Glukomanani, nyuzinyuzi zinazovimba tumboni, angalau ina maelezo yanayoeleweka: Ulaya imeruhusu kudai kwamba gramu tatu kwa siku, zikimezwa kabla ya milo na maji ya kutosha, husaidia kupunguza uzito kwa mtu ambaye tayari amepunguza chakula. Sharti hilo la mwisho huwa halionekani kwenye tangazo. La maji pia ni la kuzingatia, kwa sababu kidonge kikivimbia kooni humkaba mtu.

Kwa jumla, basi, kirutubisho cha kweli, kile ambacho ndani ya kopo mna kile kile kilichoandikwa nje, hufanya kidogo sana au hakifanyi kitu. Mtu anaweza kusema basi hasara ni fedha tu. Ingekuwa hivyo kama makopo yote yangekuwa ya kweli.

Muuzaji wa kirutubisho ana tatizo la kibiashara: bidhaa isiyofanya kitu hairudishi mteja. Baadhi ya watengenezaji hulitatua kwa kuchanganya humo dawa ya hospitali bila kuitaja. Uchambuzi wa maonyo yaliyotolewa na mamlaka ya dawa ya Marekani kati ya 2007 na 2016 ulihesabu virutubisho 776 vilivyokutwa na dawa zisizotajwa. Takriban asilimia 41 ya hivyo vilikuwa vya kupunguza uzito, na dawa iliyoongoza katika kundi hilo ilikuwa sibutramini. Hii iliwahi kuwa dawa halali. Iliidhinishwa Marekani mwaka 1997, hufanya kazi kwenye ubongo kwa kumfanya mtu ajisikie ameshiba, na inapunguza uzito kweli. Lakini pia hupandisha presha na kuyaharakisha mapigo ya moyo, na jaribio kubwa la watu wapatao 10,000, wengi wao wakiwa na ugonjwa wa moyo au kisukari, lilionyesha kwamba mshtuko wa moyo, kiharusi au kifo cha moyo viliwapata asilimia 11.4 ya walioimeza dhidi ya asilimia 10 ya waliomeza vidonge vitupu. Mwaka 2010 iliondolewa Ulaya na Marekani. Haikutoweka, ilibadilisha nguo, ikaingia kwenye vifungashio vyenye picha ya majani mabichi na maneno "asili kwa asilimia 100."

Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba amepata mitishamba inayofanya kazi ajabu, kwamba siku ya pili tu hamu ya kula imekatika kabisa, mdomo unakauka, usingizi umeruka na moyo unakwenda mbio, mimi huogopa zaidi kuliko angesema haifanyi kitu. Majani ya kawaida ni nadra kukata njaa namna hiyo. Dalili hizo ndizo zile zile zilizokuwa zimeandikwa kwenye karatasi ya sibutramini ilipokuwa dawa halali. Na kwa mtu mwenye presha asiyejua kwamba anameza dawa ya kuipandisha, daktari naye atahangaika bure kuongeza dozi ya vidonge vya presha.

Hadithi hii ina historia ndefu kuliko sibutramini. Katika miaka ya 1930 Wamarekani walimeza dinitrofenoli, kemikali ambayo wafanyakazi wa viwanda vya baruti vya Ufaransa walikuwa wamepungua kwa kuishika katika Vita Kuu ya Kwanza. Ilichoma mafuta kweli, kwa kuufanya mwili upoteze nguvu kama joto, na baadhi ya watumiaji walikufa kwa joto hilo. Mwaka 1938 ikatangazwa kuwa haifai kuliwa na binadamu. Fenfluramini iliondolewa 1997 kwa kuharibu vali za moyo. Virutubisho vyenye efedra vilipigwa marufuku Marekani 2004. Kila moja ilipouzwa ilikuwa na picha zake za kabla na baada.

Usajili nao unachanganya watu. Tangu mwaka 2019 Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, imebaki na dawa na vifaa tiba, na usalama wa chakula umehamia Shirika la Viwango, TBS. Dawa za asili zina baraza lake, lile la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Nembo kwenye kopo ni jambo jema, ila mnunuzi ajue inajibu swali gani. Dawa ya hospitali hutakiwa kuonyesha, kabla ya kuuzwa, kwamba inatibu kile inachodai. Kirutubisho, hata katika nchi kubwa zinakotoka nyingi ya bidhaa hizi, hakitakiwi kuthibitisha hivyo; Marekani ililiweka hilo kwenye sheria ya mwaka 1994. Na kopo lisilo na namba yoyote, lililokuja kwenye begi la msafiri, halijajibu hata swali la kwanza, lile la usalama.

Je, hakuna kinachofanya kazi kihalali? Kipo, na ni haki kukisema. Orlistati ni kidonge kinachoziba kimeng'enya cha kusaga mafuta ya chakula, hivyo karibu asilimia 30 ya mafuta uliyokula hupita bila kufyonzwa. Kwa mtu anayekula gramu 60 za mafuta kwa siku, hizo ni gramu 18, yaani kilokalori 160 hivi, pungufu ya zile za soda moja ya nusu lita. Katika jaribio la miaka minne waliokitumia pamoja na mlo na mazoezi walipungua kilo 5.8, na wenzao wa vidonge vitupu kilo 3. Mafuta yasiyofyonzwa hutoka yalivyo, na anayekimeza kisha akala chipsi mayai atayaona chooni, au kwenye nguo akiwa kwenye mwendokasi. Vitamini za A, D, E na K hutoka nayo.

Kizazi kipya ni sindano za mara moja kwa wiki kama semaglutidi, zinazoiga homoni ya utumbo inayouambia ubongo kwamba tumbo limejaa. Katika jaribio lililochapishwa 2021, kwa wiki 68, waliodungwa walipungua wastani wa asilimia 14.9 ya uzito wao, na waliodungwa maji matupu asilimia 2.4. Hapakuwahi kuwa na kirutubisho kilichokaribia namba hizo. Lakini mwaka mmoja baada ya kuacha sindano, walikuwa wamerudisha theluthi mbili ya uzito walioupoteza, kwa sababu unene kwa wengi ni hali ya kudumu kama presha, na dawa ya presha nayo ikiachwa presha hurudi. Kichefuchefu na kutapika ni mambo ya kawaida, sehemu isiyo ndogo ya kinachopungua ni misuli, mjamzito haruhusiwi, na bei ni kubwa kwa mshahara wa hapa. Kisha kuna jambo la joto: kalamu ya sindano ambayo haijafunguliwa hutakiwa kukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8, na aliyeipata kwa msafiri, ikazunguka mjini kwenye kisanduku cha bodaboda mwezi wa pili, hawezi kujua amedungwa nini. Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo la semaglutidi bandia mwezi Juni 2024.

Nimeona pia, na sijui nicheke au nilie, kwamba wauzaji hao hao huuza vidonge vya kuongeza makalio, ambavyo mara nyingi ni dawa za mzio au steroidi zenye kuleta njaa na kuvimbisha mwili. Mteja mmoja anaweza kuhudumiwa kwenda na kurudi.

Mama wa Sinza hakuwa anahitaji historia yote hii. Alikunja karatasi aliyoandikiwa kipimo cha kliniki, akaitia kwenye mkoba, akageuka kama anayeondoka, kisha akarudi kaunta na kuuliza kwa sauti ya chini, "Sasa zile kilo zangu tatu na nusu, zitarudi?"

"Zitarudi, mama. Nyingi zilikuwa maji."

"Zote kabla ya sendofu?"

"Ukinywa maji vizuri, ndani ya wiki."

Akalifikiria gauni. "Yule fundi aliacha nafasi kwenye mshono," akasema, na tayari alikuwa anatafuta simu ndani ya mkoba.